Kabla Hujaing'arisha, Igeuze

Mwanangu, rimu haifi kwa mkwaruzo. Nimelisema neno hili mpaka nimechoka nalo, na leo nalirudia kwa upole kwa sababu sijaona kijana aliyejifunza ufundi kwa kupigiwa kelele. Mkwaruzo ulioupata kwenye ukingo wa lami pale madukani Diani ni aibu ya macho tu. Kinachoiua rimu ni kile anachokifanya mwenyewe baada ya kuuona: anataka ing'ae kufikia Ijumaa, na hajaigeuza hata mara moja kuitazama mgongoni.

Tulipoanza kazi hii Ukunda, enzi za Kombi za watalii, rimu zilikuwa za chuma na hazikuwa na makuu. Ikikunjika kwenye shimo unaigonga kwa nyundo. Ikishika kutu unaisugua, unaipaka rangi ya fedha, unaifunika kwa kofia yake, basi. Leo Wish, Premio, Noah, hata Demio ya kijana aliyeanza kazi juzi, nyingi zinashuka Mombasa na rimu za aloi. Gari limebadilika, mkono haukubadilika. Tunaitendea aluminiamu kama chuma, nayo haina adabu za chuma. Chuma kikiugua kinakuonyesha: kinatoa kutu nyekundu, kinakunjika kabla hakijakatika, kikipashwa moto kinawaka. Aluminiamu hunyamaza.

Basi sikiliza imeundwaje, maana huwezi kumtibu usiyemjua. Rimu nyingi za aloi ni aluminiamu iliyochanganywa na silikoni kiasi cha asilimia 7, na magnesiamu chembe tu, haifiki nusu ya asilimia. Huyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Ikishaganda hurudishwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 540 hivi za Selsiasi, huzamishwa majini ghafla, halafu hupashwa tena kwa moto mdogo, nyuzi kama 155, kwa saa kadhaa. Moto huo wa mwisho, wa kupimwa na wa subira, ndio unaoipa nguvu ya kubeba gari na abiria wako. Uweke moyoni, tutaurudia. Juu yake kiwandani hupakwa praima, kisha rangi, na mwisho klia, ile isiyo na rangi ambayo kazi yake ni kuzuia hewa na maji yasifike chini.

Aluminiamu yenyewe nayo ina kinga ya kuzaliwa nayo. Ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Lau ungekuwa unaishi Eldoret, utando huo ungekutosha siku nyingi. Hapa kwetu kuna chumvi. Kusi ikianza kuvuma na mawimbi yakapasukia mwambani, chumvi huruka mpaka barabara ya hoteli. Utaiona asubuhi kwenye kioo cha gari, weupe ambao waipa inausambaza tu. Chumvi hiyo huutoboa ule utando na kuila aluminiamu kwa vitone. Klia ikiwa nzima, haina njia. Klia ikikwaruzwa, huingia chini yake na kutambaa, ukaona vimistari vyeupe vinavyojipinda ndani ya rangi, kila wiki vikisogea kidogo. Bonyeza hapo kwa ukucha: klia inainuka na unga mweupe unamwagika. Unga huo ndio rimu yako.

Kwa hiyo mkwaruzo wa Gazi si mkwaruzo wa Nakuru. Kule mtu anaweza kuungoja mshahara wa Desemba. Wewe unayelala Diani, au unayeshusha mashua Shimoni gari likiwa limekanyaga maji ya bahari, uoshe mkwaruzo siku hiyohiyo kwa maji baridi, uukaushe, uudondoshee klia kidogo kwa brashi ndogo. Hautapendeza, lakini utakuwa umefungwa, na rimu itakungoja mpaka upate nafasi ya kazi yenyewe. Ni jambo la dakika chache, na sijui kwa nini halifanywi.

Halafu kuna hizi video za simu. Sizichukii, mle kuna mafundi kweli kweli. Lakini yule Mwingereza aliyeisugua rimu yake mpaka ikawa kioo, akaiacha tupu bila klia, hakukwambia anakaa wapi wala ataing'arisha upya lini. Nchi zile nazo zina chumvi yake, wanaimwaga barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Japani pia, yanakotoka magari yetu haya, hasa sehemu za kaskazini kama Hokkaido, kuna theluji nyingi na barabara hutiwa dawa za kuiyeyusha. Sheria ya Kenya inataka gari lililotumika lisiwe limezidi miaka 8 linapoingia. Miaka hiyo inatosha kwa majira kadhaa ya theluji, na chumvi ya huko haiulizi kama gari limeuzwa. Unaweza kuletewa gari zuri, limesuguliwa bandarini likameta, na ugonjwa wake umekaa pale mdomo wa tairi unapobana rimu, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayepaangalia.

Hapo ndipo penye siri ya tairi linalopungua upepo kila baada ya siku chache. Unalipeleka kwa fundi wa pancha, analizamisha majini, hapati msumari, anabadilisha valvu, unalipa. Wiki inayofuata umerudi. Mwambie alitoe tairi kabisa atazame ukingo wa rimu. Akikuta magamba meupe, yasuguliwe kwa nailoni ya kusugulia sufuria mpaka aluminiamu safi ionekane, ipakwe praima nyembamba, ikauke, ndipo tairi lirudi. Ikiwa mashimo ni makubwa kiasi cha kushika ncha ya ukucha pande zote, usiidanganye kwa gundi.

Sasa tuje kwenye kazi. Anza kwa kuosha, na katika kuosha nakuomba utazame maji unayotumia. Visima vingi vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chumvi. Ukisuuzia hayo yakakauka juani, umeipaka rimu kilekile unachokikimbia. Osha kwayo ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua uliyokinga, au yale ya bomba kutoka chemchemi za Marere kwenye Milima ya Shimba, au ya visima virefu vya Tiwi kama yanakufikia. Sabuni iwe ya magari, au ya maji ya vyombo ukikosa. Ule unga mweusi ulioganda ndani ni vumbi la breki, chembe za chuma zilizojichoma kwenye klia zikiwa za moto. Loweka, sugua kwa brashi laini, rudia. Wengi mnaoleta rimu mkisema zimefifia, hazikuwa zimefifia. Zilikuwa chafu.

Na usiogope kutumia muda. Siyo muda huo unaokuchelewesha kazi. Kinachochelewesha ni kurudia kazi yote kwa sababu ya kuuruka.

Yapo mambo ambayo naona vijana wakiyafanya na moyo unaniuma. Dawa ya kusafishia choo ina asidi. Inaing'oa ile rangi ya vumbi kwa dakika moja na kuiacha aluminiamu na madoa ya kijivu yasiyotoka. Asidi ya betri vivyo hivyo. Kostiki, ile ya watengenezaji sabuni, ni mbaya kupita zote kwa aluminiamu: inachemka, inatoa hewa inayoshika moto, na rimu inabaki nyeusi. Kuna dawa nyingine za rimu kutoka nje zenye asidi ya hidrofloriki. Hiyo hupenya ngozi bila kuuma kwanza, maumivu yakaja saa kadhaa baadaye ikiwa imeshafika ndani. Chupa ikiandikwa jina hilo, irudishe dukani. Ikikugusa, jioshe kwa maji mengi na uende hospitali ya Msambweni hapohapo, usingoje iume, na uchukue chupa ukawaonyeshe. Stiliwulu nayo iache jikoni, kwa sababu huacha nyuzi za chuma kwenye aluminiamu, na chuma, aluminiamu na unyevu wa chumvi vikikaa pamoja, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Rimu ikishakuwa safi na kavu, igeuze. Hapa ndipo ninapowapoteza wengi, kwa kuwa mgongo hauna picha ya kuweka kwenye simu. Nyumba njema si mlango. Uso ndio unaokwaruzwa na ukingo wa lami, lakini ufa huanza nyuma: pale tawi, yaani mkono wa rimu, linapokutana na pipa linalobeba tairi, kwenye ukingo wa ndani unaopigwa na mashimo, na kuzunguka matundu ya nati. Barabara za ndani za Kinondo, zile za mawe ya matumbawe, na matuta yasiyo na alama njiani kwenda Lunga Lunga, hayaikwaruzi rimu. Yanaipiga.

Ufa mdogo hauonekani kwa jicho. Ipo njia ya zamani ambayo mafundi wa karakana za reli waliitumia duniani kabla ya dawa za kisasa za kopo, na kwetu inapatikana kwa pesa ndogo. Pale unapopashuku, toa rangi mpaka aluminiamu ionekane. Paka mafuta ya taa, yaache nusu saa yazame. Futa yote, futa tena, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Halafu paka chokaa nyeupe iliyosagwa laini na kuchanganywa na spiriti, iache ikauke iwe unga. Kaa chini unywe kahawa yako. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda polepole na kuchora mstari uliolowa juu ya chokaa. Ukiuona mstari huo, kazi imekwisha. Huna tena rimu ya kung'arisha. Haiuzwi kwa mtu mwingine, haigeuzwi spea, inakatwa na kwenda kwa wauza vyuma chakavu, tena ikatwe wewe ukiona, kwa sababu nimeziona zinavyorudi sokoni zimepakwa rangi.

Utaambiwa ufa unachomelewa. Unachomelewa, ndiyo, kwa mashine ya argoni na mtu anayeijua, na itashika hewa. Lakini kumbuka ule moto wa nyuzi 155 niliokwambia uuweke moyoni. Joto la kuchomelea limeufuta wote pembeni mwa mshono, na hakuna karakana ya kando ya barabara inayoweza kuurudisha. Ukingo wa mwisho kabisa wa nje, labda. Tawi, kamwe.

Na hili la kunyoosha kwa moto ndilo linalonichosha zaidi. Rimu imekunjika ukingo, kijana anawasha gesi, anaipasha, anaingojea iwe nyekundu kama alivyofundishwa kwenye chuma. Aluminiamu haiwi nyekundu. Safi yake huyeyuka kwenye nyuzi 660, na hii ya rimu huanza kulegea na kuyeyuka kabla ya hapo, ingali na rangi yake ya fedha ileile. Ikipita nyuzi 200 tu na kukaa hapo, nguvu imeanza kuondoka, na wewe unatazama rangi ambayo haitakuja. Kisha nyundo. Inanyooka, naam, tena vizuri, inazungushwa kwenye balansi watu wanapiga makofi. Inapakwa rangi. Imekwenda barabarani laini, na siku dereva atakapoteremka kutoka Kwale kwenda Kombani breki zikiwa za moto na gari limejaa, hapo ndipo atakapojua alinunua nini. Kupinda kidogo kwa ukingo wa ndani kunaweza kurudishwa na mashine ya kusukuma taratibu, kwa mtu mwenye kipimo cha joto. Asiye na kipimo, mwache aendelee na jembe na panga.

Haya. Tuseme imegeuzwa, imepimwa, ni nzima. Sasa una haki ya kuitaka ing'ae.

Kwanza ujue unasugua nini. Chukua kitambaa cheupe na dawa kidogo ya kung'arishia, sugua mahali padogo. Kitambaa kikiwa cheusi, umegusa aluminiamu tupu. Kikibaki cheupe, juu kuna klia, na huenda ni klia tu iliyopauka. Hiyo ni kazi nyepesi: msasa wa maji namba 2000, mkono mwepesi, maji yakitiririka, kisha kampaundi na kitambaa. Saa moja imerudi. Na ukiona uso una mistari myembamba ya duara, kama imekatwa kwa mashine, usiiguse kwa msasa. Mistari ile hufanywa kwa mashine ya kukereza, haitengenezwi kwa mkono, na kila ikikerezwa upya unene unapungua.

Kwa mkwaruzo wenyewe, ukiwa haushiki ukucha, sugua tu. Ukishika, toa zile ncha zilizoinuka kwa tupa laini, ukifuata mviringo wa rimu, kisha msasa namba 240 mpaka kingo za klia zilizozunguka zimelainika na mkono ukipita hausikii ngazi. Shimo lililobaki jaza kwa puti ya chuma, kidogo, likauke, usugue tena 400, halafu 800 kwa maji. Grainda iache kwenye kabati. Inakula upande mmoja kuliko mwingine kabla hujafumba jicho, na inapasha moto. Kusugua kwa maji kuna faida nyingine: vumbi la aluminiamu halipai. Likiwa kavu si jambo la kulivuta kifuani, na likichanganyika na vumbi la kutu kisha likapata cheche, linawaka moto usiozimika kwa maji. Kwa hiyo usisugue rimu pale pale ulipokuwa unakata vyuma.

Wapo watakaotaka ibaki tupu, ing'ae kama sinia la harusi. Inawezekana. Unatoa rangi yote, unapanda msasa 400, 600, 800, 1000, 1500, mpaka 2000, kila namba ukiipitisha kinyume cha iliyotangulia ili uone kama mikwaruzo ya mwanzo imekwisha, kisha Autosol au dawa kama hiyo na kitambaa cha pamba, na mikono yako ikiwa myeusi mpaka Jumapili. Itapendeza sana. Na kwa hewa yetu itaanza kufifia baada ya wiki chache, ukaanza tena. Mtu wa maonyesho, mwenye nafasi na mapenzi, afanye. Mtu wa teksi anayevuka feri ya Likoni kila uchao, simshauri. Apake klia.

Klia inataka siku yake. Hapa pwani hewa ina maji mengi, na thina inapopaa huipoza rangi, unyevu ukatua juu yake, klia ikageuka maziwa. Usipake alfajiri, usipake magharibi, usipake mvua ikiwa Shimba na wewe uko Ukunda ukijidanganya haitafika. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, mchana wa mapema, kivulini. Wala usipakie chini ya makuti, utaokota vumbi na wadudu ndani ya klia mbichi mpaka ujute. Kama tairi halikutolewa, chomeka karata kuukuu kuzunguka rimu yote, zifunike mpira. Utashangaa zinavyofaa kuliko karatasi na gundi. Praima inayoshika aluminiamu kwanza, nyembamba. Rangi mikono miwili au mitatu, kila mkono ungoje dakika kumi na tano. Klia vivyo hivyo. Kisha uiache usiku na mchana kabla ya kuigusa, na wiki nzima kabla ya kuiosha kwa nguvu.

Klia ya hadina, ile ya kuchanganya, ni ngumu na inadumu, lakini ina isosayanati, na kitambaa cha mdomoni hakiizuii hata kidogo. Wapo wazee wenzangu wa bunduki ya rangi ambao leo hawapandi ngazi bila kukaa. Kama huna barakoa yenye vichujio vya kemikali, tumia ya kopo la kawaida, hata ikidumu muda mfupi. Na kopo lenyewe, nikupe dondoo la uchungu: weupe wa rangi nyingi duniani hutokana na madini kama ilmenaiti, ambayo ilichimbwa hapa hapa Kwale, upande wa Msambweni, mpaka Desemba 2024, ikapakiwa melini Likoni. Mchanga umekwenda, sisi tunanunua kopo. Lakini hilo si la leo.

La leo ni nati. Unapopaka rangi, ziba matundu ya nati na ziba uso wa nyuma unaokaa kwenye habu. Rangi ikiingia hapo hukaa kama mto kati ya vyuma viwili. Unakaza, inashika, unaendesha, rangi inabonyea, na nati iliyokuwa imekazwa haijakazwa tena. Mwenyewe anasikia mtetemo kwenye usukani, anadhani ni balansi. Tena nati zenyewe si moja. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka nazo kiwandani zinataka nati yenye washa bapa. Nyingi za kununua pembeni zinataka nati ya koni. Honda nyingi zina kikalio cha duara. Ukibadilisha rimu na ukabaki na nati za zamani kwa kuwa uzi umeingia, umeshikilia gari kwa ukingo mwembamba tu. Kuingia kwa uzi si kukaa kwa nati.

Na kabla ya hapo kuna jeki. Ardhi ya Diani ni mchanga. Jeki huzama taratibu wakati umeinama. Weka ubao mpana chini yake, zuia magurudumu mengine kwa mawe. Gari lisingoje rangi ikauke likiwa juu ya jeki, na wala usilipumzishe juu ya matofali ya matumbawe kwa sababu yapo uani. Yanafaa kwa ukuta. Chini ya uzito uliokaa mahali pamoja hupasuka bila kutoa taarifa. Fanya rimu mojamoja, gari likiwa limevaa spea. Ndiyo, itachukua siku nne badala ya moja.

Ikiwa rimu imegandana na habu, kama zinavyogandana zote za pwani, usiipige kwa nyundo ya chuma ukaikunja baada ya kazi yote hiyo. Piga tairi, siyo rimu, kwa kipande cha ubao kutoka ndani, ukizungusha. Ukishaitoa, sugua kutu ya habu, pakaa grisi nyembamba katikati pale inapokaa, bila kugusa bolti wala uso unaobanwa.

Unaporudisha, kaza kwa mkono kwanza, kisha kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nyutoni-mita 103 au karibu na hapo; kitabu cha gari lako kitakwambia. Mguu wako juu ya spana si kipimo, hata ukiwa mnene. Halafu baada ya kilomita 50 hadi 100, zipime tena. Kwenda Lunga Lunga kutoka Ukunda kunatosha; ukifika, kabla hujatafuta chai, fungua buti. Kama huna spana ya kipimo, ninayo moja, njoo uichukue. Ila safari hii irudi, mwanangu. Ile iliyotangulia naambiwa iko Vanga.